Mapovu ya Mgebuka

Kwanza niseme jambo ambalo mtaa wetu wote wa Kasingirima, hapa Ujiji, ulilijua na hakuna aliyenisuta kwalo: Kiingereza sikijui. Sikukijua nikiwa na miaka ishirini na sita, mwaka ule ninaotaka kuusimulia, na sikijui leo nikiwa nimevuka hamsini na meno mawili ya mbele sina. Hata hivyo, kila siku baada ya swala ya alasiri nilikaa kwenye kigoda pembeni ya runinga, katika banda la video la Bi Mwajuma, kipaza sauti mkononi, nikawatafsiria watu sinema za Kimarekani, za Kichina na za Kihindi, zote kwa ujuzi uleule mmoja. Nilitazama midomo, nikatazama macho, nikasema lile ambalo mtu mwenye uso ule angelisema kama angezaliwa Ujiji. Mzungu akimpigia mkewe simu, mimi nilimfanya aulize kama dagaa wameshaanuliwa, maana wingu limetanda upande wa Kongo. Watu walicheka mpaka mabenchi yakalia. Waliniita Mkalimani. Mwalimu mmoja wa sekondari alipita siku moja, akasikiliza kidogo, akatikisa kichwa, akaenda zake. Kesho yake alirudi akakaa benchi la mbele.

Nayasema haya kwa sababu wiki mbili zilizopita Esperansi alinipigia simu. Hakuwa amenipigia kwa miaka mingi, na namba yangu sijui aliipata kwa nani. Hakunisalimu kwa kirefu. Alisema kaka yake, Evari, amefariki katika kambi ya wakimbizi, homa ya siku nne tu, na amezikwa hukohuko; matanga anayaweka yeye nyumbani kwake Buzebazeba, nikitaka nije. Nikitaka, ndivyo alivyosema. Nilipokata simu mke wangu akauliza nani amekufa, nikamjibu rafiki yangu. Akanitazama. Tumeishi pamoja zaidi ya miaka ishirini na hajawahi kulisikia jina la Evari likitoka kinywani mwangu, na mimi ni mtu ambaye kinywa chake hakijui kupumzika.

Evari alikuwa fundi wa mabango. Saluni, bucha, duka la dawa, majina ya maboti kule mwaloni wavuvi wanakotia nanga, yote ni mkono wake. Vichwa vya wanaume walionyolewa vizuri kwenye milango ya vinyozi wa Ujiji karibu vyote alivichora yeye, na vyote vilifanana naye, kwa sababu kioo alikuwa nacho na watu wa kukaa mbele yake awachore hakuwa nao. Alipanga chumba kimoja mtaa wa Katubuka pamoja na dada yake, chenye dirisha dogo lililotazama ukuta wa jirani, na ndani mlinuka rangi, mafuta ya taa na mawese. Esperansi alipikia mlangoni. Nikiingia niliambiwa nihamishe makopo nikae, na chakula kilikuwa kilekile: ugali wa muhogo na dagaa waliokaangwa kwa mawese, vidole vyetu vikawa vya rangi ya chungwa hadi kesho. Evari hakuwa mtu wa kusubiri anawe vizuri ndipo ashike kalamu. Karatasi zake zote zilikuwa na alama ya dole gumba, pembeni chini, ungedhani ni muhuri wa serikali.

Wawili hao walikuwa wametoka Burundi kwa boti, utotoni, na kwa sheria walitakiwa wawe kambini. Hawakuwa kambini. Sisi majirani tulisema ni Waha wa Kasulu. Mtu wa mbali hawezi kulielewa hili, lakini Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Bibi yangu mzaa mama na Evari walipoongea, mimi mwenyewe nilishindwa kusema yupi ametoka upande upi wa mpaka. Ukitaka kuwatofautisha lazima utege sikio kwa makusudi, na sisi tulikuwa tumekubaliana, bila kikao wala mwenyekiti, kwamba masikio hatutegi. Maofisa walipopita mitaani kuuliza, mtu wa kwanza kukutwa barazani alisema huyo ni wa Kasulu, wa pili akasema namjua hadi shangazi yake, wa tatu akaleta chai. Maofisa wakanywa, wakaondoka. Mara mbili nilikuwa mimi yule wa pili, na shangazi niliyemtunga alikuwa na jina, na kilema cha mguu, na shamba la michikichi.

Siku moja nilikuwa natafsiri sinema ya shujaa mmoja wa Kimarekani, anayevaa nguo ya kubana na kupaa juu ya majumba. Watu walifurahi kama kawaida. Tulipotoka Evari alikuwa amenuna. Nikamuuliza kulikoni.

"Rama, sha, kila mara wanaruka juu," alisema, na "sha" ilikuwa neno lake la Kirundi la kumwitia rafiki. "Sasa juu kuna nani? Waliozama wako chini."

Alienda zake, na baada ya siku tano akaniletea kurasa kumi na mbili. Ndivyo alivyozaliwa Mgebuka, jina la samaki wa ziwa letu. Alikuwa mchukuzi wa dagaa, mtu wa kawaida, jasho na kandambili, akazama siku ya dhoruba, na ziwa likakataa kumla. Tangu hapo alitembea chini kabisa, kwenye tope, na boti ikipinduka alikuja na pumzi kifuani, akawapandisha watu mabegani, akawapeleka nchi kavu akageuka kurudi. Mgongoni alijifunga gunia la dagaa. Hakumpiga mtu hata siku moja. Uso wake, bila shaka, ulikuwa wa Evari. Na juu ya kila kichwa kulikuwa na duara la maneno, yeye aliyaita mapovu, na mapovu yote alikuwa ameyaacha matupu. Nilimuuliza hapa anasema nini. Akanishangaa. "Mimi nachora. Wewe ndiye mkalimani, mtazame usoni." Tukafanya kazi hivyo mwaka mzima. Hakuwahi kuniambia niandike nini, na hakuwahi kufuta nilichoandika.

Tulitoa kopi, tukabana kwa pini, Bi Mwajuma akaziuza mlangoni pamoja na kashata zake. Sijawahi kuona kitu kikipendwa namna ile. Wanawake wa sokoni waliosema hawajui kusoma walinunua, wakasomewa na watoto wao. Wavuvi walimtaka Evari aandike Mgebuka ubavuni mwa maboti. Mama mmoja aliyepoteza mume ziwani alikuja bandani mchana, kabla watu hawajajaa, akauliza kama toleo lijalo Mgebuka anaweza kumpata mtu aliyezama muda mrefu, na mimi, mjinga, nikasema nitaongea naye. Evari alipoambiwa alichukua kalamu. Katika toleo lililofuata kulikuwa na ukurasa mmoja Mgebuka amempakata mwanamume aliyefumba macho, na nilipojaribu kuweka neno kwenye povu lile sikupata, tukaliacha.

Kisha akaja yule bwana kutoka Dar es Salaam. Alikuja kumwozesha dada yake, akakutana na Mgebuka kwa kinyozi, akauliza, akaelekezwa kwa Bi Mwajuma. Alikuwa mtu wa sinema, miwani ya jua hata ndani ya nyumba, na alitaka hadithi ile iwe filamu. Alitupa siku mbili. Jioni ya siku ya kwanza tulikaa Katubuka watatu, Esperansi akipepea moto, tukazungumza jambo moja tu: nani ataandika jina lake kwenye mkataba. Jina la Evari kwenye karatasi lingeuliziwa kitambulisho, kitambulisho kingeuliziwa uraia, na baada ya hapo hakuna shangazi wa Kasulu ambaye angetosha. Nikasema nitaweka langu. Hakubisha. Aliomba kitu kimoja. Alisema mwanzoni, pale majina yanapopita, waweke herufi E peke yake, popote, hata iwe ndogo.

"Nikiiona nitajua ni mimi," alisema. "Wengine wasijue, basi."

Nilimwahidi. Kesho yake, sebuleni kwa Bi Mwajuma, kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma, soda na sambusa mezani, yule bwana akauliza mtunzi ni yupi. Evari alikuwa amekaa karibu na mlango kama mtu aliyekuja kupaka rangi. Nikasema ni mimi. Bwana yule akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniita mtunzi, akaniita tena mtunzi, akaniuliza nimesoma wapi, na mimi nikahisi kitu kinapanda kifuani ambacho sikuwahi kukihisi nikiwa na kipaza sauti. Nikatia sahihi. Herufi E sikuitaja. Esperansi nilikuja kumwambia nilisahau, na uongo huo nimeubeba muda mrefu hadi ukanizoea. Sikusahau. Ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Ningeitaja, angeuliza E ni nani, na mimi ningepungua.

Tulingoja miezi. Evari aliendelea na mabango, na kila wiki aliuliza kama imeshakuja, na hakuuliza juu ya ile herufi kwa sababu ahadi yangu kwake ilikuwa kitu kilichokwisha kutimia. Filamu ilikuja kwenye sidii, kwa treni, siku ya Jumamosi, na alasiri ile banda lilijaa hadi watu wakachungulia kwenye mianya ya mabanzi. Bi Mwajuma alivaa kanga mpya. Wavuvi walikuja na harufu yao. Evari alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, nadhani lilikuwa la kuazima, akakaa benchi la pili na dada yake, na mimi nikakaa kwenye kigoda changu ingawa filamu ilikuwa ya Kiswahili na kazi sikuwa nayo.

Majina yakaanza kupita. Lilipotokea langu, hadithi imetungwa na fulani, herufi kubwa za dhahabu, banda likalipuka, watu wakanipiga mgongoni. Mimi sikutazama runinga, nilimtazama Evari. Alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini, anasoma kila kitu: wa taa, wa mavazi, wa chakula. Midomo yake ilikuwa inasogea. Majina yalipokwisha na picha ya kwanza ikaingia, aliendelea kukaa vilevile kwa muda, ungedhani bado kuna mstari mmoja umechelewa.

Ziwa halikuwepo. Kulikuwa na bahari, na jumba lenye geti, na kijana mzuri wa mjini aliyevaa nguo nyekundu ya kubana, jina lake Kamanda Papa, anayepaa kwa kamba ambayo hata mtoto aliiona. Mwanzoni watu walivumilia. Mvuvi mmoja akauliza Mgebuka yuko wapi, mwenzake akamjibu tulia, anakuja. Tukangoja. Kamanda Papa akapiga watu kumi. Muuza dagaa mmoja nyuma akasema kwa sauti ya kuchoka kwamba huyu hajawahi kubeba hata kikapu. Na hapo, katikati ya filamu, Mgebuka akaja kweli. Gunia la dagaa lilikuwa mgongoni, kandambili miguuni, na uso walikuwa wameutafuta, wakapata mtu aliyefanana na michoro, yaani aliyefanana na Evari. Ila huyu ndiye alikuwa adui. Alikuwa ametoka ng'ambo ya ziwa kuja kumwaga sumu kwenye maji ya watu, na alipofungua kinywa, Kiswahili chake kilikuwa cha Mrundi wa kuigiza.

Watu mia walikuwa wamedhulumiwa na hawajui mdhulumu ni nani. Kisha wakanigeukia mimi. Mmoja akauliza, Mkalimani, haya ndiyo uliyoyatunga? Mwingine akacheka kicheko kibaya. Benchi moja likapigwa teke. Bi Mwajuma akazima sauti ya filamu, akanipa kipaza sauti, akaninong'oneza niseme neno, mwanangu, wasije wakanivunjia banda.

Nilikuwa na kipaza sauti mkononi na watu wote wakinisikiliza. Ningeweza kusema chochote. Ningeweza kusema Mgebuka wa kweli hakuwa hivi, na aliyemchora yuko hapa benchi la pili. Lakini nilifanya kile nilichozoea kufanya nikiona uso kwenye runinga. Nilitazama midomo, nikatazama macho, nikamtafutia yule adui sauti ya mtu mwenye uso ule, na sauti niliyoipata ilikuwa ya Evari. L zangu zote nikazigeuza R, nikavuta maneno kama anavyovuta, nikaweka "sha" yake mwishoni. Sikukosea hata kidogo, maana nilikuwa nimeila sauti ile pamoja na ugali kwa miaka. Banda likacheka. Lilianza nyuma likaja mbele, hasira ikayeyuka, Bi Mwajuma akashika kifua kwa nafuu, na mimi, Mungu anisamehe, nilikiona kile kicheko kitamu. Nikaongeza. Adui alipoisogelea kamera akajaza runinga nzima, nikasema:

"Evari, simama wakuone. Huyu si mjomba wako wa Rumonge, kule Burundi?"

Na Evari alisimama. Hilo ndilo linaloniamsha hadi leo. Alisimama haraka, akatengeneza shati, anatabasamu, na nilimwona usoni anachofikiri: alifikiri naitaja E. Alifikiri herufi iliyokosekana kwenye majina sasa naitoa mimi kwa mdomo wangu mbele ya Kasingirima. Kicheko kikampata amesimama. Watu waligeuka wakamtazama, wakamtazama adui, wakamtazama tena, na kwa mara ya kwanza wakamsikia, ingawa hakuwa amesema neno. Esperansi akamvuta mkono. Wakapita katikati ya magoti ya watu wakatoka. Mimi nikaendelea kutafsiri hadi mwisho.

Mdomo uliponza kichwa, husema watu. Wangu uliponza kichwa cha mwenzangu. Watoto walianza kumwita Mjomba. Wakubwa hawakumwita chochote, ila kinyozi mmoja alifuta kile kichwa mlangoni akaweka picha ya gazeti, na mvuvi mmoja akapaka rangi juu ya jina la boti lake. Hakuna aliyemchukia. Yale makubaliano yetu ya kutosikia ndiyo yaliyokwisha. Na ukishalisikia jambo kwa kipaza sauti huwezi kujifanya kiziwi tena. Nilikwenda Katubuka mara moja. Alinikaribisha, tukala, dagaa walewale. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kama yule bwana wa Dar alikataa kuweka ile herufi, nikamjibu ndiyo, alikataa.

Maofisa walikuja mchana wiki chache baadaye. Nasema hivi kwa kuwa nimewauliza watu wote waliokuwa barazani siku ile: hakuna aliyemchoma kwa maofisa. Waliulizwa huyu fundi ni wa wapi, na mtu wa kwanza hakusema Kasulu, na wa pili hakumtaja shangazi, na chai haikuletwa. Walitazama chini. Mimi nilikuwa kwa Bi Mwajuma, sahani ya mgebuka wa kuchemsha mbele yangu, lori likasikika, na mtoto akaja mbio akasema wako kwa Evari. Bi Mwajuma akasema, "Rama, nenda kaseme." Nikasema ngoja nimalize kula. Nilimaliza. Nilimtoa samaki miiba yote, taratibu, kama mgonjwa. Nilipofika Katubuka mlango ulikuwa wazi, na brashi ilikuwa ndani ya kopo, rangi bado mbichi, kwenye bango la duka la dawa ambalo neno la mwisho halikuwa limeisha. Esperansi alikuwa sokoni, ndiyo maana alibaki. Baadaye aliolewa na mtu wa hapa. Kambini ni mwendo wa saa chache kwa basi. Sikwenda mwaka ule, wala uliofuata, wala wowote.

Juzi nilikwenda Buzebazeba. Watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka uani, na Esperansi alinionyesha pa kukaa bila kunitazama. Watoto wa Evari walikuwa wamekuja kutoka kambini, watatu, mkubwa ni msichana wa miaka kumi na mitano hivi mwenye paji la uso lilelile la mabango ya vinyozi wote wa Ujiji. Alinisalimia shikamoo, akauliza kama mimi ndiye Mkalimani. Nikasema ndimi. Akaingia ndani akatoka na mfuko wa salfeti, akanimwagia miguuni madaftari, sijui mangapi, ya shule, ya kaunta, mengine yameshonwa kwa uzi. Nikafungua moja. Mgebuka. Nikafungua jingine. Mgebuka anatembea kwenye tope, Mgebuka na watoto mabegani, Mgebuka amezeeka kidogo, ameota kitambi, gunia limechanika. Pembeni chini, dole gumba la rangi ya chungwa. Na mapovu yote, ya miaka yote, matupu.

Msichana akaniambia wamekua wakitazama picha hizo, na kila walipomuuliza baba hapa anasema nini, baba alisema maneno yapo kwa mtu mmoja Ujiji, siku moja atakuja ayaweke. Wadogo zake wakasogea mkekani wakakaa mbele yangu, miguu wameikunja, kama watu wa benchi la mbele. Waliokuwa matangani wakatugeukia. Esperansi akasema, "Wasomee."

Nikachukua daftari la juu, nikafungua ukurasa wa mwisho. Mgebuka alikuwa amesimama chini kabisa, hana mtu begani, uso ameuinua kututazama, kinywa wazi, na povu juu yake lilikuwa kubwa kuliko yote. Nilitazama midomo. Nikatazama macho. Yule msichana alikuwa ameshika ncha ya ukurasa, anangoja amri yangu ageuze, ingawa hakukuwa na ukurasa mwingine. Nikamwambia sijui anasema nini.

"Siku ile bandani ulijua," Esperansi alisema, akachukua birika, akaenda kuwamiminia wageni chai.